Jina Juu ya Jalada

"Mimi ndiye Andendekisye."

Sauti hiyo ilitoka mlangoni, nasi juma lililopita tukamwacha Mbuke binti Nkuba amesimama katikati ya kiwanda cha chapa, karatasi yenye wino mbichi mkononi, mlango kaupa mgongo. Hakuthubutu kugeuka. Andendekisye alikuwa mume wake. Andendekisye alikuwa kaburini. Udongo wa kwanza aliutupa yeye mwenyewe.

Karatasi ikamponyoka.

Akageuka.

Kwanza aliliona koti. Koti zito la khaki, la dereva, kola imeungua upande mmoja tangu siku mumewe alipolala karibu mno na moto pale Ruaha Mbuyuni. Vifungo vyake Mbuke alivishona kwa mkono wake. Akaikamata mashine kwa mikono miwili.

Kisha akauona uso uliokuwa juu ya kola.

"Saulo!"

"Saulo ndiye nani?" Mdogo wa mumewe akacheka, akaingia na tope la Iringa miguuni. "Shemeji, ama niseme mke wangu, kule kwetu Rungwe hakuna tena mtu wa jina hilo. Uliza mtoto yeyote."

Msomaji uliyepitwa na majuma ya nyuma, shika haya upesi, maana watu hawa hawatatungoja. Andendekisye alikuwa dereva wa lori, mwenyeji wa Rungwe, akikaa na mkewe Mbalizi, nje kidogo ya Mbeya. Kila aliporudi safari alikuja na hadithi. Homa ya mapafu ikamchukua. Mbuke, Msukuma wa Ubaruku, aliyefika sekondari na ambaye Mungu hakumjalia mtoto, akakaa kitako akaziandika hadithi zile zote asije akazisahau. Wachapishaji wa Dar es Salaam wakamrudishia mswada wake na maneno mazuri tupu. Ndipo akaapa kukitoa kitabu mwenyewe. Akaja mpaka Iringa, mbali na wakwe, kwa bwana Himmat, mpiga chapa wa kadi za harusi na vitabu vya risiti, ambaye hajawahi kuchapa kitabu cha hadithi tangu azaliwe.

Na juu ya jalada akataka jina moja tu: Andendekisye. Alitaka watu walitamke tena.

Hapo ndipo alipojifunga kamba mwenyewe.

"Koti hilo umelitoa wapi?" Mbuke akauliza.

"Nimevikwa. Siku ya kumaliza matanga, mbele ya ukoo wote. Ulikuwa wapi wewe?"

Mbuke akazihesabu siku. Siku hiyo alikuwa kwa baba yake Ubaruku, anaumwa, hali wala hanywi. Hakujua kwamba katika ukoo wa mumewe jina la mtu halizikwi. Ndugu anakalishwa kwenye kigoda, anavikwa nguo ya aliyelala, na mama mzazi anamwita kwa jina lile mbele ya watu. Akishaitika "naam," jina limemshika. Nyumba yake, shamba lake, mke wake, vyote vinahamia kwa aliyeitika.

"Mama aliniita," Saulo akasema, akijipiga kifuani juu ya koti. "Nikaitika. Mimi ndiye Andendekisye, na hicho mnachochapa hapo ni kitabu changu."

"Andendekisye ni marehemu!"

Saulo akaruka kama aliyekanyaga kaa la moto.

"Shika ulimi! Neno hilo lisikae karibu na jina langu. Mimi mzima, unaniona mzima. Kwetu mtu akishaitika, anayemwita hivyo anamchimbia shimo."

Nyuma ya meza ya kukunjia karatasi, Daxa, mke wa Himmat, akaacha uzi na sindano yake.

"Kamwene, bwana," akamsalimu kwa Kihehe safi cha mjini. "Kwa hiyo kitabu umekiandika wewe?"

"Juu ya jalada liko jina la nani?"

"Sijauliza jina. Nimeuliza kitabu."

"Mama, wewe shona," Saulo akamjibu.

"Nani alikuambia habari hizi?" Mbuke akauliza, ijapokuwa jibu lilikuwa limeanza kumtambaa mgongoni.

"Madereva! Si umewapa kazi wao wenyewe?"

Kweli, aliwapa. Wenzi wa marehemu walikubali kukipakia kitabu kwenye malori na kukiuza kila kituo, Mbalizi hadi Ruaha Mbuyuni. Nao kwa furaha yao hawakungoja kitoke. Kila waliposimama kunywa chai walitangaza: kitabu cha Andendekisye kinakuja!

"Juzi niko sokoni Tukuyu," Saulo akaendelea, na sasa macho yalimng'aa, "mtu ananipigia kelele toka ng'ambo: Andendekisye, kitabu chako kinatoka lini? Nikasema, kitabu gani? Akasema, usijifanye. Jumapili mchungaji ananitaja kanisani. Mwalimu wa elimu ya watu wazima ananishika mkono mbele ya darasa zima, anasema, huyu hapa mfano! Mimi, mfano!"

"Ukawaambia nini?"

"Nikawaambia kinakuja. Ulitaka niseme nini?"

Daxa akaangua kicheko. Mumewe akamkata jicho.

Himmat alikuwa mzaliwa wa Iringa, mtu mpole, miwani juu ya paji, wino usiotoka kwenye kucha. Lakini siku zile za uhaba na msako mwenye duka hakutaka jina lake litajwe ofisini kwa serikali kwa ubaya wala kwa uzuri. Alijikausha jasho.

"Mama Mbuke, mimi mpiga chapa, si baraza la wazee. Hapa kwangu kuna desturi moja. Mwenye kitabu anasoma karatasi ya majaribio, anaandika 'sawa, chapa,' anatia mkono. Hapo mimi nakanyaga mashine. Bila mkono wa mwenye kitabu sikanyagi. Sasa mwenye kitabu ni nani? Ni yule aliye juu ya jalada. Na juu ya jalada yuko huyu bwana."

"Bwana Himmat! Si mimi niliyekuletea mswada? Si mimi niliyezunguka mpaka nikapata karatasi, wakati mji mzima hauna karatasi?"

"Wewe. Ukasema ni kitabu cha mume wako. Mume wako huyo hapo amevaa koti."

"Basi libadilishe jina! Weka langu!"

Himmat akamtazama kwa huruma, akanyoosha kidole kwenye marundo ya kurasa yaliyojaa kando ya ukuta, yanangoja kushonwa.

Mbuke alijua kabla hajaambiwa. Himmat alikuwa na herufi za risasi za kutosha kurasa chache tu kwa mara moja. Akishazichapa anazipangua, anazirudisha kashani, anapanga kurasa nyingine. Kurasa zilizopita zimepita. Na kila sura katika kitabu kile ilianza kwa maneno mamoja: *Mimi Andendekisye.* Mbuke ndiye aliyetaka iwe hivyo. Alitaka mume wake aongee mwenyewe.

Kilichobaki juu ya meza ya jiwe, kimefungwa kwenye fremu ya chuma, ni ukurasa wa kwanza tu, wenye jina la kitabu na la mwandishi. Herufi hizohizo zingechapa na jalada.

"Karatasi nyingine hakuna," Himmat akasema taratibu. "Tukizitupa hizi, kitabu kimekufa."

"Hakuna wa kukiua!" Saulo akasema kwa haraka. "Mimi sina ugomvi na kitabu. Kitamu! Na nimekuja na picha ya mbele."

Akatoa mfukoni mwa koti picha yake ya studio: amevaa koti lile, mkono shavuni, anawaza.

"Unawaza nini hapo?" Daxa akauliza.

"Nawaza kitabu."

Mbuke hakucheka. Alihisi chumba kinabana. Mlangoni amekaa Saulo. Nyuma kuna ukuta. Na pande zote kurasa zinapiga kelele kwa jina ambalo si la mume wake tena.

Basi akalisema neno alilokuwa amelificha muda wote.

"Andendekisye hakukiandika kitabu hiki. Nimekiandika mimi."

Saulo akapiga paja.

"Sikilizeni! Kaka yangu, ambaye barua zake mama amezijaza kopo zima la biskuti! Mimi ndiye niliyemsomea. Kila barua inaanza sawasawa: 'Naam, mama, ni mimi mwanao Andendekisye.' Hati nzuri mpaka mwalimu akaomba awaonyeshe wanafunzi. Kijiji kizima kwetu kinajua nani alikuwa na kalamu katika nyumba ile. Leo uje useme hakuandika?"

Daxa akasimama. Akachukua kalamu, akaja akamwekea Mbuke kiganjani.

"Andika mstari mmoja, dada. Barua ziko kopo la biskuti. Walinganishe hati yako na ya barua na ya mswada. Yaishe."

Mstari mmoja!

Na kweli, msomaji, ndio ulikuwa mlango wa kutokea, wazi kabisa. Kwa nini basi Mbuke anasimama na kalamu mkononi na machozi yanamlenga?

Kwa sababu Andendekisye hakujua kusoma.

Hakujua hata herufi moja. Njia aliijua kwa vilima na miti, vibao aliviweka kichwani kwa rangi. Kila karatasi ya safari mkewe aliisoma usiku, naye akaishika kwa moyo. Zile barua za kopo la biskuti zote ziliandikwa na Mbuke. Na siku ya mwisho, pumzi zikimkatika, mume wake hakuomba maji wala sala. Aliomba jambo moja: mama asijue.

Akiandika mstari ule, anakipata kitabu na anamvua nguo marehemu mbele ya mama yake, mbele ya mchungaji, mbele ya soko zima la Tukuyu.

Asipouandika, anampoteza kwa Saulo, yeye na kitabu pamoja.

Akaiweka kalamu chini.

"Mnaona?" Saulo akasema.

Himmat akajaribu njia nyingine, maana alitaka watu hawa watoke salama.

"Bwana, mwenye kitabu anajua kitabu chake. Hebu soma hapo, tukusikie."

Akampa karatasi moja kutoka rundoni. Mbuke akainua kichwa, matumaini yamemrudia. Saulo aliishia darasa la nne. Atajikwaa. Ataaibika.

Saulo akaishika karatasi, akakohoa, akasoma.

"'Mimi Andendekisye, mlima ule niliupanda kwa gia ya kwanza na jina la Mungu. Mzigo ulikuwa mchele wa Ubaruku. Kule Ubaruku nina deni la macho, kwa maana ndiko nilikomwona msichana anapepeta mpunga, pumba zimemjaa nywele, nikasema, huyu hata akinikataa nitarudi kesho.'"

Hakujikwaa. Na hilo silo lililomwua Mbuke.

Ilikuwa sauti. Ndugu wa tumbo moja! Sauti ileile nzito, mkwaruzo uleule mwisho wa maneno, pumziko lilelile kabla ya kichekesho. Kwa mara ya kwanza tangu mazishi, Mbuke alimsikia mume wake akimposa.

"Mayu!" akanong'ona, akimwita mama kwa Kisukuma. Akafumba macho. "Soma tena."

Saulo akasoma tena. Alipofika kwenye pumba za nywele alipunguza sauti, naye pia macho yalikuwa yamelowa, kwa maana Saulo hakuwa shetani. Alikuwa mtu mdogo aliyepewa jina kubwa.

"Rudi nyumbani," akamwambia. "Nitakusomea kila jioni. Mimi mwandishi, wewe mke wa mwandishi. Unapata hasara gani?"

Kwa kitambo kidogo, na ninakuapia kilikuwa kidogo sana, Mbuke alitaka kusema ndiyo.

Daxa akamfinya mkono. "Dada, fumbua macho. Mwangalie ni nani."

Akafumbua. Alikuwa Saulo, na picha yake ya kuwaza.

"Hapana," akasema.

"Basi!" Saulo akaenda mlangoni kwa hasira. "Hutaki kunisikia mimi, utamsikia aliyenipa jina. Mama! Ingia ndani!"

Mbuke akageukia mlango. Kumbe bibi mwenyewe, mama mkwe wake, yuko Iringa!

Alikuwa amekaa muda wote barazani, amejitanda kanga, mkungu wa ndizi za Rungwe miguuni. Bibi Marta aliingia polepole, kitambaa cheupe cha kanisani kichwani. Hakumsalimu mtu. Akaenda moja kwa moja kwenye rundo la kurasa, akaweka kiganja juu yake kama mtu apimaye homa ya mtoto.

"Humu ndimo alimo?" akauliza.

"Ndimo, mama," Mbuke akajibu, na kupiga goti.

"Ndaga fijo, asante sana." Kisha akawageukia wengine. "Nipisheni na mkamwana wangu."

Wakapisha. Himmat alipisha upesi kuliko wote. Walipobaki wawili kando ya mashine, bibi akamwinamia sikioni.

"Mwanangu hakujua kusoma."

Mbuke akamkazia macho.

"Unashangaa nini? Mtoto niliyemzaa mimi? Barua ya kwanza ilipokuja, Saulo akanisomea, 'Naam, mama, usiku wa jana nimekuota.' Nikasema moyoni, huyu si wangu. Andendekisye hakupata kunipa neno tamu hata siku moja. Mtoto mwema, lakini kwangu mimi mdomo wake jiwe. Nikajua yuko mtu mwingine anayeniita mama."

"Mama! Na mimi siku zote naogopa usije ukajua!"

Machozi yakamtoka Mbuke kwa mkupuo mmoja. Siri imekwisha! Hakuna tena ahadi ya kuvunja. Mama anajua! Akamshika bibi mikono yote miwili.

"Basi waambie, mama. Mwambie bwana Himmat kwamba mwandishi ni mimi."

Bibi Marta akaitoa mikono yake, taratibu.

"Hapana."

"Mama?"

"Tukijua wawili ni siri, mkamwana. Akijua wa tatu ni tangazo. Leo kijiji kizima kinasema, mtoto wa Marta ameandika kitabu. Unataka niwaambie alikuwa anashika barua kichwa chini? Hapana. Saulo atatia mkono, utarudi Rungwe, na tutakufa nayo wewe na mimi. Na baba yako hatadaiwa kurudisha mahari. Ng'ombe tuliomtolea wamekwisha zaa, wamejaa huko kwenu Usangu. Nani atawakusanya?"

Ndivyo mlango ulivyofunguka, ndivyo ulivyobamizwa. Mara hii komeo limetiwa na mtu aliyempenda.

Saulo alikuwa amerudi, hawezi kungoja.

"Tumekubaliana? Bwana Himmat, weka picha."

"Picha haiwezekani," Himmat akasema. "Lazima ikatwe kwenye bati, na Iringa hakuna mkataji. Mpaka Dar es Salaam."

Saulo akanywea. Kisha akapata wazo.

"Basi ongezeni mstari! Hapo mbele mmeandika 'Andendekisye' tu. Andendekisye gani? Wako wengi. Ongezeni mstari nijulikane ni mimi."

Mbuke akapangusa machozi kwa upande wa kanga. Kitu kilikuwa kimetulia usoni mwake, na Daxa, aliyeshinda naye kiwandani mle tangu siku ya kwanza, akakiona.

"Mstari nitaupanga mimi," Mbuke akasema. "Daxa amenifundisha."

"Vizuri! Mke wa mwandishi!" Saulo akafurahi.

Wale wanawake wawili wakainama juu ya jiwe. Mbuke akailegeza fremu, akaondoa vipande vya mbao vinavyojaza nafasi tupu, akaanza kuchukua herufi kashani, moja moja, akizipanga kinyume kama zinavyopangwa. Saulo akachungulia juu ya bega lake, akaona vichwa vya risasi vimegeuka kama nguo iliyovaliwa ndani nje. Hakuambulia kitu. Herufi za chapa hazimsomekei mtu mpaka zikanyagwe.

Daxa yeye alisoma. Akamsogelea Mbuke.

"Dada, una hakika?"

"Kaza fremu."

Wakakaza. Himmat akapaka wino, akalaza karatasi ya majaribio, akaigandamiza, akaibandua. Saulo akamnyang'anya kabla hajaisoma.

"Ngoja! Mwenye kitabu kwanza. Mama, sikiliza." Akakohoa, akavimba ndani ya koti, akasoma kwa ile sauti ya kaka yake:

"'Safari Zangu. Kama alivyozisimulia... kama alivyozisimulia marehemu...'"

Akaisogeza karatasi kwenye mwanga.

"Endelea," Mbuke akasema.

"'...marehemu Andendekisye. Zimeandikwa na mkewe, Mbuke Nkuba.'"

Bibi Marta akapiga yowe, akamkimbilia mwanawe, akamkumbatia kama anayemfunika mvua.

"Unamwua mwanangu wa pili!"

"Sijamwua mtu, mama," Mbuke akasema. "Haisemi hapo kwamba hakujua kusoma. Watu wengi husimulia wakaandikiwa. Siri yako na yangu iko palepale. Imesema tu kwamba amekufa. Amekufa, mama. Nilimfumba macho."

"Toa neno hilo!" Saulo akafoka. "Mtu aliyeitika hapigwi chapa hivyo! Vitabu vyote vile! Kila kituo, kila hoteli, watu wanasoma kwamba mimi ni..." Hakuweza kulitamka.

"Halitoki," Mbuke akamwambia. "Lakini uchague. Kama wewe ni Andendekisye, basi wewe ndiye niliyemwandika hapo, na ndivyo ulivyo. Kama si wewe, hakuna aliyekugusa. Wewe ni Saulo, mzima, shemeji yangu, karibu chai."

Oo, sasa ni nani aliyenaswa? Saulo akamtazama mama yake. Akamtazama Himmat. Akaitazama mashine. Uandishi ni mtamu, lakini uhai je?

"Mchungaji atasema nini?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Mwambie ulikuwa unawaza," Daxa akasema.

Saulo akaanza kufungua vifungo. Mkono mmoja ukatoka, wa pili ukatoka. Akalitupa koti juu ya jiwe kama nyoka.

"Silitaki! Jina silitaki, koti silitaki. Mimi Saulo! Mama, mimi Saulo!"

Himmat hakungoja lingine. Akasukuma kalamu mbele ya Mbuke kabla watu hawajageuza tena maneno.

"Mama, tia mkono. Sawa, chapa. Upesi!"

Mbuke akaandika. Kwa hati ileile ya kopo la biskuti akaandika *sawa, chapa*, na chini yake jina lake mwenyewe. Himmat akaifunga fremu kwenye mashine. Daxa akapanda, akaweka mguu. Gurudumu likaanza kuzunguka.

Mbuke akavuta pumzi. Kitabu kimepona. Mume wake kimya kapumzika. Na yeye huru!

Hapo ndipo alipohisi uzito mabegani.

Bibi Marta alikuwa nyuma yake. Alikuwa ameliokota koti, akalipangusa vumbi la kiwanda, akamvika. Harufu ya dizeli na tumbaku ikamfunika Mbuke, na kwa hilo tu miguu ikashindwa kukimbia. Bibi akamgeuza wamtazamane. Akaanza kumfunga vifungo, kutoka chini kwenda juu.

"Mama, unafanya nini?" Saulo akauliza. "Mwanamke?"

"Nyamaza. Jina haliwezi kulala chini." Bibi hakuondoa macho usoni mwa Mbuke. "Aliyekuwa ananiandikia alikuwa nani? Aliyeniota alikuwa nani? Miaka yote ile mwanangu aliyekuwa akisema nami ni huyu. Mwenye jina hili hakai Mbalizi, mkamwana, wala haendi kwa baba yake. Anakaa nyumbani, ananitunza, ananizika."

"Mama, hapana, niache..."

Kifungo cha mwisho kikaingia, chini ya kidevu.

Mashine ilikuwa imeshika kasi. Karatasi ya kwanza ilikuwa tayari inashuka, na juu yake wino mbichi wa neno lile, *marehemu*, kando ya jina.

Bibi Marta akarudi hatua nyuma, mbele ya mashahidi wote, akaita kwa sauti ya kuita mtoto aliye shambani:

"Andendekisye!"

Mbuke alikuwa amejibu wito huo kwa kalamu miaka mingi, kila mwisho wa mwezi, kila mwanzo wa barua. Alikaza meno. Alijiziba mdomo kwa mkono.

Lakini lilikwisha toka.

"Naam, mama."